Matao Thelathini na Matatu

Boti zetu zina shingo ndefu za batamaji,
nyeupe, za plastiki, macho yamepakwa rangi nyeusi.
Kumi na moja. Baba alizinunua kwa mkopo
mwaka ambao mto ulikuwa bado mto.
Sasa zimekaa kwenye vumbi chini ya daraja,
zote zimeelekea upande mmoja,
kama abiria wanaosubiri treni
ambayo reli yake imeng'olewa.

Hapa Isfahani jina la mto ni Uzaao.
Ukilitamka mbele ya Baba siku hizi
anakohoa.

Na watu bado wanavuka darajani! Hilo ndilo lililonishinda.
Wangeweza kushuka ngazi, wakate kokoto moja kwa moja,
hakuna atakayelowa hata kisigino.
Lakini wanapanda, wanapita tao kwa tao,
bibi na mkate wa moto ndani ya gazeti,
bwana harusi na mkewe wanaopigwa picha
wakitazama chini, kana kwamba kuna kitu.
Labda ni adabu.
Mtu hakatizi juu ya kitanda cha mgonjwa.

Mhandisi Golnar alikuja na tochi, akapiga magoti,
akaingiza kidole chote kwenye ufa wa nguzo.
"Mnadhani maji ndiyo adui wa daraja," aliniambia.
"Waliojenga hili waliyahesabu maji pamoja na mawe.
Chokaa ya chini inataka unyevu. Ikikauka, inaachia."
Akakung'uta kidole. Unga mweupe, kama wa ngano.
Miaka mia nne limesimama, na linakufa kwa kiu.

Ijumaa usiku, chini ya daraja la pili,
Yadollah fundi viatu huweka kiganja sikioni:

*Mto wangu, ulikwenda, hukuaga mlangoni,*
*nimebaki nakuwinda, kwa masikio gizani,*
*kokoto nimezipanda, zimeota miguuni,*
*rudi hata kama punda, mzigo u mgongoni.*

Zamani maji yalikuwa yanazila nusu ya sauti zake.
Sasa matao yanamrudishia kila neno, zima,
na yeye hapendi. Anasema ni kama kurudishiwa barua.

Kisha, vuli ile, usiku wa Jumanne, habari:
bwawa limefunguliwa kwa ajili ya wakulima wa ngano.
Siku tisa tu.
Mji mzima ukashuka mtoni kwenda kuyapokea,
watoto na nguo za kulalia, majirani wasiosemezana,
tukatembea kuelekea juu, simu zikimulika vumbi.

Hayakuja kwa kishindo.
Yalikuja polepole, rangi ya chai ya maziwa,
yamesukuma mbele majani, chupa, mpira wa mtoto,
kama mtu aliyesikia nyumba yake imeuzwa
akaja kuhakikisha.
Vumbi likachemka likisema sss.
Yadollah alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga.
Golnar alibandika sikio kwenye nguzo ya kwanza
akatuashiria tunyamaze, watu mia ngapi sijui,
nasi tukanyamaza.
Nguzo ilikuwa inakunywa.

Baba peke yake hakusikia. Alikuwa anasukuma batamaji,
suruali imekunjwa hadi magotini, bega kwenye mkia.
Likaelea. Nakuapia, lilielea!
Likazunguka mara moja, likasogea hatua kumi,
kisha jua la miaka yote ile likadai chake:
tumbo limejaa nyufa, viti vikazama, usukani ukazama,
ikabaki shingo tu, na jicho lile la rangi
likitutazama bila aibu.
Nilingoja akohoe.
Alicheka mpaka akakaa ndani ya maji.

Siku ya kumi kokoto zilikuwa zimeshakauka.
Boti kumi zinatazama kule kule zilikozoea.
Ile ya kumi na moja imelala hatua kumi mbali nazo,
imegeukia juu, yalikotokea maji.

Baba hajairudisha mahali pake.
Kila asubuhi anaifuta jicho.